Bei Iliyotajwa Usiku wa Maulidi

Kitendawili: nimelala na mia, nimeamka na tisini, na mlango haukuvunjwa. Ukishindwa, toa mji. Mikail alikuwa akishindwa kila siku, na kila siku alitoa mji uleule, Toronto, kwa kuwa ndio alioujua. Bibi yake, Bi Ummulbanin, akiupokea mji huo na kuutawala hapohapo jikoni kwao Thornhill, pembezoni mwa Toronto, amejikunyata karibu na hita na shali mbili mabegani. Lakini jioni ile ya Desemba hakujibu mtoto. Alijibu mkwewe, Naseem, aliyekuwa akikata vitunguu kama mtu mwenye kesi navyo.

"Hiyo ni dola ya Kanada, mama. Na aliyelala nayo ni mwanao."

Bi Ummulbanin akavuta shali. Alikitunga kwa kumchezesha mtoto tu, hakutaka kipate mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa palepale mezani: Mohamedraza, mkono mmoja kwenye simu, mwingine kwenye kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, akisoma ujumbe uleule kana kwamba ukisomwa mara nyingi utalainika.

Ujumbe ulitoka mlimani, Vermont, upande wa Marekani. Kila Desemba, shule zikifungwa, Mohamedraza huzipeleka huko familia za kituo chao cha ibada kuteleza kwenye theluji. Si kampuni kubwa. Ni yeye, basi la kukodi, gereji iliyojaa skii na mabuti ya kila kipimo, na Naseem, ambaye huomba likizo kwenye kliniki ya meno anakofanya kazi mapokezi ili akapikie watu hamsini. Wanakwenda Vermont kwa sababu ndiko kuliko na loji iliyokubali kuwaachia nyumba nzima: jiko waingize masufuria yao na nyama yao ya halali, ukumbi wa kuswalia, pazia la upande wa wanawake, na baa ifungwe. Milima ya theluji iko mingi. Jiko la namna hiyo ni moja tu. Na jiko hilo liko Marekani, ambako hawapokei dola ya mwenzao.

Septemba walikusanya fedha kwa dola za hapa. Sehemu ilikwenda kuwa arubuni, iliyobaki ikakaa benki. Wiki hiyohiyo Naseem alimwambia anunue dola za Marekani zote kwa mara moja, shughuli iishe. Yeye akasema subiri, uchaguzi wa Marekani ukipita dola itashuka, wote wanasema hivyo. Uchaguzi ukapita. Dola ikapanda kama maziwa yaliyosahauliwa motoni. Na kwa kuwa alikwisha kusubiri, akaona aibu kuacha kusubiri, akasubiri tena.

Sasa mwenye loji anataka salio ifikapo Ijumaa, la sivyo vyumba vinapewa wengine na arubuni hairudi. Naseem alikuwa amekwisha piga hesabu nyuma ya kadi ya miadi ya mgonjwa. Pengo lilikuwa dola mia tatu kwa kila nyumba.

"Wapigie simu," akasema.

"Siwezi."

"Mkono unauma?"

"Nilitaja bei, Naseem."

Kweli aliitaja. Usiku wa maulidi, baada ya kaswida na kabla ya biriani, alipewa kipaza sauti atangaze safari kwa dakika moja. Angetaja bei akakaa. Lakini ukumbi ulijaa, taa zinawaka, moyo umejaa furaha, akaongeza kwamba bei hii, kwa heshima ya usiku huu wa Mtume, haitapanda hata senti. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Watu wakamswalia Mtume kwa sauti moja, na salawati hiyo ikawa muhuri. Tangu hapo kila anapofikiria mia tatu zile anausikia ukumbi mzima.

Tena kulikuwa na habari ya Abdulhussein. Huyu miaka ya nyuma alipeleka watu ziara, na kule njiani akawaongezea nauli kidogo. Kidogo tu, na kwa sababu za haki. Mpaka leo jina lake ni Bwana Nyongeza. Hata watoto wasiojua Kiswahili wanalijua neno hilo moja.

"Na Haider je?" Mohamedraza akauliza. "Amepunguzwa kazini tangu mwezi uliopita. Nimwambie nini mtu huyo, lete mia tatu?"

"Mwambie hivyohivyo. Atakujibu."

"Ni kumdhalilisha."

Naseem akaweka kisu chini. Akamweleza taratibu, kwa ile sauti anayowaelezea wagonjwa kuhusu bima, kwamba asipoomba mia tatu kwa kila nyumba atapoteza arubuni, na arubuni ni zaidi ya mara mbili ya pengo lote. Akamkumbusha kwamba kadi ya mkopo imejaa, benki imekataa kuongeza, na likizo ya shule ya Machi mwaka huu imeangukia Ramadhani, kwa hiyo safari ni hii moja tu, kama jino la mwisho la kikongwe. Liking'oka hili hakuna la kutafunia.

"Najua," akasema.

"Unajua."

"Najua, Naseem."

Naseem akakichukua kisu. Vitunguu vya jioni ile vilikatwa mpaka vikawa uji.

Kesho yake Mohamedraza akampigia mwenye loji. Alitumia kile Kiingereza chake laini, anachokiweka kwa ajili ya polisi na walimu wa Mikail. Akamwomba bei ya jamaa. Hilo jambo halina tafsiri nzuri, ikabidi alizungushe: sisi ni kama ndugu sasa, tumekuja kwako miaka mingi, watoto wetu wanakuita shangazi. Yule mama wa Kimarekani hakuwa mtu mbaya. Alisikitika kweli. Akaeleza kwamba mafuta ya kupashia nyumba moto analipa yeye, wafanyakazi analipa yeye, mwaka jana theluji ilikuwa haba, na Wakanada wanamfutia safari kila siku kwa sababu hiyohiyo ya dola. Akimpunguzia mmoja atafunga.

"Sijakupandishia hata senti, Mo," akasema. "Bei ni ileile ya Septemba."

Na kweli ilikuwa ileile. Ndilo lililomchoma. Angekuta mtu amempandishia angegombana naye, angebembeleza, angetishia kuhama. Hapa hakuna aliyepandisha, na bado amepandishiwa. Halafu huyo Mo. Mohamedraza ni mtu mzima mwenye mvi, mama yake alilichagua jina hilo kwa dua, na leo limebaki herufi mbili, naye anaitikia.

Naseem naye hakukaa bure. Wakati wa chakula cha mchana, kwenye kaunta ya kliniki, alipiga simu milima ya hapahapa Ontario, ile ya upande wa Collingwood. Wa kwanza wamejaa. Wa pili wamejaa. Wa tatu walikuwa na vyumba, na bei yake ilimfanya aombe irudiwe. Binti wa upande wa pili akaeleza kwa uchangamfu kwamba msimu ni mzuri mno, Wamarekani wanavuka kwa wingi kwa sababu dola yetu ni rahisi kwao. Naseem akauliza habari ya jiko. Wageni hawaruhusiwi jikoni, binti akasema, lakini mgahawa unaweza kuwapa baga ya maharage.

Mbele yake alisimama mzee mwenye ganzi ya mdomo akingoja kulipa, mate yakimtoka pembeni. Naseem akamshukuru binti, akamshukuru na mzee kwa subira. Dola yetu ni dhaifu, haiwezi kutuvusha mpaka, aliwaza. Lakini ina nguvu za kuwaleta wao watujazie vitanda.

Jioni alimweleza mumewe hayo yote na kumalizia na lilelile: wapigie simu. Yeye akajibu kwamba kesho ni Alhamisi, watu watakuwa kituoni, ataangalia.

Alhamisi walikwenda wote. Barabara ya Bathurst ilikuwa imesongamana magari, theluji ya kwanza imegeuka tope la kahawia, na kwenye rafu za viatu watu walikanyagana na soksi za maji. Hapo ndipo Abdulsultan alipomkamata. Huyu ana nyumba Unionville na sauti ya kutosha nyumba mbili. Akamweleza Mohamedraza kwamba watoto hawalali, wanahesabu siku, na kwamba amewanunulia makoti mapya yote matatu. Kisha akampiga bega mbele za watu.

"Kaka Raza huyu ndiye mfanyabiashara. Akitaja, ametaja. Si kama wengine."

Abdulhussein alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, ameinama. Alivitafuta viatu vyake muda mrefu sana, na vilikuwa mkononi mwake.

Mohamedraza alikuwa na mdomo wazi, tayari kusema. Angesema pale, kati ya viatu, lingeisha. Akaufunga. Akacheka, akasema shukrani, akapanda ngazi.

Dua ilipokwisha alimfuata mzee Anverali kwenye kona yake. Anverali huwatazamia watu istikhara kwa tasbihi: nioe au nisioe, ninunue nyumba hii au niiache. Hutakiwi kumwambia shauri lako, unalitia moyoni tu, naye anasoma, anashika tasbihi na kukujibu. Lakini magoti yalikuwa yakimuuma siku hiyo na alikuwa mkali. Akamuuliza kwanza kama amelifikiria jambo lenyewe.

"Nimelifikiria, mzee."

"Limewahusu watu?"

"Limewahusu."

"Umewauliza?"

Mohamedraza akatazama zulia. Anverali akairudisha tasbihi mfukoni na kuanza kutafuta fimbo yake. Akasema istikhara ni ya aliyefikiri, akashauriana, akakwama. Si ya mwenye kuona haya.

"Haider yuko Etobicoke, ana simu. Abdulsultan yuko hapo chini, sauti yake naisikia. Hukuwauliza hao, unataka kumsumbua Mola?"

Mohamedraza hakujua kwamba jambo lake limekwisha kujulikana. Kumbe Naseem alikuwa ameshampitia mke wa mzee upande wa wanawake. Alitaka kukasirika, ila Anverali alikuwa ameshamshika mkono na kumwomba amrudishe nyumbani kwa gari. Njia nzima mzee alizungumzia magoti na daktari asiyemsikiliza, na Naseem, aliyekaa nyuma na Mikail, alimpa majina ya madaktari watatu wazuri.

Ijumaa mchana Naseem akiwa kazini, simu yake ikatikisika kaunta. Lilikuwa kundi la wasap la safari, ambamo yeye ni mpishi. Mumewe alikuwa ameandika kwamba safari ya mwaka huu imefutwa kwa sababu zisizozuilika, na kila senti itarudishwa, inshallah.

Akasoma pamoja na wengine, kama wengine. Chini yake majibu yakaanza kumiminika: sura za kulia, alama za kuuliza, mtu mmoja aliyeweka dua ya msiba. Naseem akaigeuza simu kifudifudi. Alimwita mgonjwa aliyefuata kwa jina la mgonjwa aliyekwisha kuondoka.

Kila senti ni neno jepesi. Arubuni ilikwisha kupotea, na watu lazima warudishiwe yote. Kilichobaki cha kuuza kilikuwa gereji. Mohamedraza akaweka picha mtandaoni: skii za watu wazima, za watoto, mabuti, kofia ngumu. Wa hapa walioandika walitaka jozi moja moja. Aliyetaka zote alikuwa mtu wa Buffalo, ng'ambo ya mpaka, naye akaja Jumapili na lori.

Alikuwa mtu wa ucheshi, mwenye ndevu nyekundu. Aliingia gerejini akaanza kugeuza mabuti kichwa chini kama mwanamke achaguaye nazi. Kwa kila jozi alikuta kovu. Kisha akatoa simu, akatazama bei ya dola ya asubuhi ile, akamwonyesha Mohamedraza mwenyewe, kana kwamba alikuwa hajaiona.

"Kwa pesa yangu hii ni bure kabisa," akasema, na hakukusudia ubaya. Akaomba kofia zitupiwe juu bila malipo.

Bi Ummulbanin alishuka na sinia la chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Akasimama mlangoni na shali zake mbili, akatazama skii zikipandishwa lorini, za wakubwa kwanza kisha zile fupi za rangi, jozi ya Mikail ikiwa miongoni mwake. Yule mtu alihesabu noti za Kimarekani na kumwekea Mohamedraza kiganjani.

"Haya, mwanangu," mama akasema kwa Kiswahili. "Ulikuwa ukiomba dola ishuke. Sasa unazo mkononi. Uombe nini leo?"

Yule mtu akauliza bibi amesema nini. Mohamedraza akamjibu kwamba anamtakia safari njema.

Fedha zilitosha. Zilitosha haswa kwa sababu dola ile ilikuwa juu, na Naseem aliposikia hivyo alitoka jikoni akaenda kusimama uani bila koti kwa muda.

Mohamedraza angeweza kuwatumia watu fedha zao kwa simu, dakika moja tu. Hakutaka. Alitaka zirudi mkononi, kwa bahasha, waone uso wake. Alisema amana hairudishwi kwa kidole. Naseem akasema basi ataendesha yeye. Alipoulizwa kwa nini, akasema anataka kuona.

Wakazunguka. Nyumba moja waliwapa sambusa na kuzungumza kwa sauti ya chini kama kwa wafiwa. Nyingine walimwuliza kama ni kweli anaumwa, maana wamesikia ni moyo. Nyingine mama mwenye nyumba aliipokea bahasha, akamtazama Naseem aliyekuwa garini, akatikisa kichwa, na haikujulikana anamsikitikia nani. Unionville, Abdulsultan hakuwakaribisha ndani. Alisimama mlangoni na soksi, joto likimtoka mgongoni kuelekea barabarani, akasema makoti duka limekataa kuyarudisha kwa kuwa vitambulisho vya bei vimekatwa. Amelazimika kupata hoteli Kebeki, kwa bei ambayo hakutaka kuitaja. Hakupiga bega la mtu.

"Ungesema mapema, Raza," akasema tu. Kaka ilikuwa imeondoka kwenye jina.

Mohamedraza alirudi garini akiwa ameinua kidevu. Alimwambia mkewe kwamba walau hakuna atakayesema alikula neno lake. Naseem akawasha taa ya kukunja kushoto.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Haider na Sidra, Etobicoke, juu kwenye mojawapo ya yale maghorofa yaliyosimama kando ya barabara kuu. Lifti moja ilikuwa mbovu. Safari hii Naseem naye alipanda. Mlango ulifunguliwa na Sidra, akawakaribisha ndani mara moja, akaondoa nguo kwenye kochi. Karibu na mlango palikuwa na mabegi manne yaliyofungwa, madogo, na juu ya kila moja jozi ya glavu. Watoto walikuwa kwenye televisheni. Wakageuka, wakamtazama Mohamedraza, wakageuka tena.

Aliitoa bahasha kwa mikono miwili. Alikuwa ametayarisha maneno, na hapa ndipo alipotaka kuyasema zaidi, kwa kuwa nyumba hii ndiyo aliyokuwa akiisitiri. Akasema dola ilipanda, fedha zikapungua, na kwa hali ilivyo asingeweza kumwongezea mzigo mtu yeyote.

"Zilipungua ngapi, kaka Raza?" Sidra akauliza.

"Mia tatu."

"Kila mtu?"

"Kila nyumba."

Haider alikuwa ametoka chumbani, ndevu za siku kadhaa, rimoti mkononi. Akarudia, mia tatu, akamtazama mkewe. Hakuonyesha hasira. Alikuwa kama mtu anayetafuta ufunguo akakumbuka ameuacha mlangoni.

"Pesa hizi tutazihitaji, sikatai," Sidra akasema, na bahasha akaiweka juu ya televisheni bila kuifungua. "Kazi hana, unajua. Labda ungetuuliza tungesema hatuna. Labda tungeacha kitu tukatoa, maana hawa watoto hawana jingine mwaka huu. Lakini lingekuwa letu kulisema."

"Nilitaka kuwasitiri, Sidra."

"Ndiyo. Hukututoza mia tatu, ukasema wewe kwa niaba yetu kwamba hatuna. Na kundi zima sasa linakisia ni nani aliyeshindwa kulipa, na wote wanajua ni nani hana kazi."

Haider akamwambia mkewe basi, inatosha. Akawauliza wageni kama watakunywa chai. Naseem akasema watakunywa, akakaa, na mumewe ikambidi akae pia, kwenye ukingo wa kochi, magoti yakigusa begi la mtoto. Wakanywa chai yote, vikombe viwili viwili, na Haider akaeleza habari ya kiwanda kilichompunguza mpaka mwisho kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuzungumza.

Garini kioo kilikuwa kimeganda. Naseem akawasha injini, wakakaa wakingoja barafu iyeyuke, mbele yao duara dogo la uwazi likikua taratibu. Mohamedraza alingoja vilevile. Tangu jioni ile ya vitunguu alikuwa akijua kuna maneno ambayo mkewe anayo na ana haki nayo. Hakuyasema njiani kwenda, hakuyasema Unionville, hakuyasema kwenye lifti.

"Haya, sema," akasema.

"Sisemi."

"Naseem. Sema, iishe."

Akafuta kioo kwa mkono wa koti, akatazama nyuma, akaanza kulitoa gari.

"Nikisema nitapoa," akasema. "Na mimi leo sitaki kupoa."